Antena ya kitanzi kwa masafa ya chini kabisa: nimeteremsha ya wima, njooni tupige hesabu

Mtegawimbi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa sisi wachache tunaocheza redio ya ridhaa huku chini, kHz 137 na kushuka. Huku wimbi moja lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, na antena yoyote utakayoweza kuifunga nyumbani ni kinukta tu mbele yake. Wa VHF karibuni mkae, ila msicheke.

Mwaka mzima nimekuwa na antena ya wima ya mita 10, nyaya zimetandazwa juu kama kofia, na koili ya milihenri 4.5 chini yake. Eneo langu lina miti mirefu pande zote. Nikipima ukinzani wa upotevu (ule unaogeuza nguvu kuwa joto bure) napata omu 80. Mvua ikinyesha unapanda, majani yakikauka unashuka, na resonansi (masafa ambayo antena inaitika) inahama kama mbuzi aliyekata kamba. Mwezi uliopita nikachoka, nikaiteremsha.

Sasa nimefunga kitanzi. Waya wa shaba wa kipenyo cha mm 4, mraba uliosimama wima, mita 25 kila upande, jumla mita 100 za waya na eneo la mita za mraba 625. Nguzo ni miti ile ile. Iliyokuwa inaninyonya sasa inanibebea mzigo.

Vipimo: indaktansi mikrohenri 173, yaani omu 149 kwenye kHz 137, na kapasita ya nF 7.8 inaileta kwenye resonansi. Waya peke yake una omu 0.8, maana kwa masafa hayo mkondo unapita kwenye ngozi ya shaba yenye unene wa mm 0.18 tu, katikati ya waya hakuna kitu. Ukijumlisha kinacholiwa na miti na ardhi nafika 1.5. Nikitia W 100 napata A 8.2 zinazozunguka.

Maswali mawili. Je, nimefanya la maana au nimejifurahisha tu? Na la pili, nataka kushuka hadi kHz 8.27. Nani amewahi kurusha kule kwa kitanzi?

KoiliNene

Mkuu, umeng'oa mgomba ukapanda mchicha. Hujatuwekea namba muhimu kuliko zote: ukinzani wa kurusha, yaani ule unaogeuza mkondo kuwa wimbi. Fomula ya kitanzi kidogo inajulikana. Gawanya eneo kwa mraba wa urefu wa wimbi, jibu lipige mraba, kisha zidisha kwa 31,200. Yako inatoka milioomu 0.53. Nusu ya milioomu! Ile ya wima uliyoiteremsha ilikuwa na omu 0.033, mara sitini zaidi.

Rudisha ya wima, zika nyaya zaidi ardhini, acha mchezo.

Kifaranga

Naweka kambi hapa. Sijaelewa hata nusu lakini nanusa ugomvi.

BintiFeraiti

KoiliNene kaka yangu, umesoma upande mmoja wa mizani. Kinachoruka angani ni ukinzani wa kurusha mara mraba wa mkondo. Tuweke zote mbili kwa W 100 zile zile.

Ya wima: omu 80 za upotevu zinakuruhusu A 1.1. Mraba wake mara 0.033 ni kama mW 41.

Kitanzi: A 8.2, mraba wake 67, mara 0.00053 ni mW 35. Na fomula uliyoileta ni ya anga tupu. Kitanzi kilichosimama juu ya ardhi kina kivuli chake chini, kama kwenye kioo, kinachosukuma upande ule ule, kwa hiyo unazidisha kwa mbili: mW 71. Ya wima kivuli kimeshaingizwa kwenye 0.033 yako, hapo huongezi kitu.

Kwa hiyo mleta mada hakujifurahisha, amekaribia kuongeza maradufu. Angekuwa kwenye uwanja mtupu wenye ardhi ya kinamasi, ya wima ingekuwa na omu 20 au 30 na ingemshinda mbali. Miti ndiyo inayoamua. Antena ya wima ni volti nyingi na mkondo kidogo, na majani mabichi yanapenda sana kula uga wa umeme. Kitanzi ni mkondo mwingi na volti chache, uga wake ni wa sumaku zaidi, na mti hauna shida sana na sumaku.

Kuhusu sheria, bendi ya kHz 135.7 hadi 137.8 tuliipata kwenye mkutano wa dunia wa 2007, na mwisho wake ni W 1 EIRP, yaani nguvu inayoruka ikihesabiwa pamoja na antena inavyoielekeza. Wewe kwa W 100 uko kama 0.2. Una nafasi ya kupanda bila kumkera mtu.

KoiliNene

Hesabu naikubali, roho bado inakataa. Endelea.

Kifaranga

Naombeni kuuliza kama mgeni. Kwanza, kwa nini asilaze kitanzi chini? Waya mita 400 kuzunguka eneo lote, hakuna kupanda mti. Pili, kwa nini asiweke mizunguko kumi badala ya mmoja? Nimeona kwenye hiyo fomula mizunguko inapigwa mraba.

Mtegawimbi

La kwanza ni rahisi. Kitanzi kilicholala, kivuli chake ardhini kinasukuma kinyume, vinauana. Cha kusimama vinasaidiana. Kilicholala kina kazi yake lakini: watu wa mapangoni wanakitumia kuongea kupenya mwamba, redio zao nyingi ziko kHz 87. Pale hawarushi wimbi, ni sumaku ya karibu tu inayopita kwenye jiwe.

Na ujue kitanzi cha kusimama kina mdomo na mgongo. Kinarusha vizuri kwa mwelekeo wa waya, ukikaa ubavuni mwake husikii kitu. Changu kimeelekea kaskazini na kusini, wa mashariki wamenisahau.

La pili nawaachia wataalamu.

BintiFeraiti

Mizunguko ni mtego, kila mtu anaingia mara moja. Ni kweli ukinzani wa kurusha unapanda kwa mraba. Lakini uliza shaba imetoka wapi. Ukichukua kilo zile zile za shaba ukazivuta ziwe waya mrefu mara kumi, eneo la mkato wake linapungua mara kumi, na ukinzani wake unapanda mara mia. Umezidisha juu kwa mia na chini kwa mia. Hujapata kitu.

Kinachohesabika ni kilo za shaba na ukubwa wa eneo, basi. Mizunguko inasaidia kwenye kulinganisha na amplifaya tu, maana omu 0.2 ni shida kuilisha na omu 20 ni raha.

Kwenye kHz 137 kuna ujanja mmoja wa kweli: badala ya waya mmoja mnene, tumia nyembamba kadhaa sambamba, zikiachana sentimita kadhaa au zaidi. Mkondo unakimbilia ngozi, basi mpe ngozi nyingi.

FundiKoleo

Nimefika na onyo kwa wote, maana naona hamjagusa kapasita.

Mwaka juzi nilikuwa na kitanzi kinachokaribiana na cha mleta mada. Nikaunganisha kapasita za poliesta, zile za kahawia zinazong'aa, nilikuwa nazo kopo zima. Kwenye mita ndogo zilisoma nF 7.8 safi kabisa. Nikawasha W 100, mkondo A 5 badala ya 8. Nikadhani ni maungio. Nikatoka na koleo kuyakaza, nikasikia harufu kabla sijafika, kama mfuko wa plastiki uliosahauliwa karibu na jiko. Kisanduku kilikuwa cha moto hadi mfuniko umejikunja. Ndani, kapasita mbili zimevimba tumbo na moja imetema gundi yake juu ya mwenzake.

Sababu ni hii. Poliesta ina upotevu wa kama asilimia 1 ya omu zake kwa masafa haya, wakati mwingine zaidi. Asilimia 1 ya omu 149 ni omu 1.5. Yaani kapasita peke yake ilikuwa inakula sawa na antena nzima. Nusu ya W 100 zangu zilikuwa zinapika gundi.

Tumia polipropilini, upotevu wake ni chini ya sehemu moja kwa elfu. Ziwe nyingi sambamba zigawane mkondo, na mfululizo zigawane volti, maana A 8.2 mara omu 149 ni V 1,220, na kilele chake V 1,700. Usiniambie imeandikwa V 630 inatosha. Hata hiyo 630 ni ya mkondo mnyoofu, kwa masafa haya inashuka sana.

Mtegawimbi

Mzee FundiKoleo nimekimbia nje na tochi kukagua zangu. Ni polipropilini, 24, vuguvugu tu. Moyo umerudi mahali pake.

KoiliNene

Sasa twende kwenye kHz 8.27, maana huko ndiko ninakokusubiri.

Kwanza, jedwali la kimataifa la ugawaji wa masafa linaanzia kHz 8.3. Chini ya hapo hakuna aliyepewa, ndiyo maana wenzetu wanapaita bendi ya waota ndoto. Lakini haina maana kwamba kwenu ni bure. Kuna nchi zinazotaka kibali hata huko. Andika barua, pata jibu la maandishi, ndipo uwashe.

Pili, ukinzani wa kurusha wa kitanzi unashuka kwa masafa yaliyopigwa mraba mara mbili. Kutoka 137 hadi 8.27 ni mara 16.6. Piga mraba, piga tena mraba: umepoteza mara elfu sabini na tano. Wimbi huko lina kilomita 36. Milioomu 0.53 yako inakuwa nanoomu 7. NANO, mkuu.

BintiFeraiti

Leo umenipendeza, namba zako ni sahihi. Ila usisahau upotevu nao unashuka. Ngozi ya shaba kwenye kHz 8.27 ina mm 0.73, waya wa mm 4 unatumika sehemu kubwa, na mita 100 zinatoa omu 0.23. W 100 zinakupa A 21. Kinachoruka ni mikrowati 3, ukihesabu kivuli 6. Kapasita ni µF 2.1 na volti ni 190 tu.

Ya wima ya mita 10 je? Tuseme ina pF 300. Kwenye kHz 8.27 hiyo ni omu 64,000. Unahitaji koili ya henri 1.2. Siyo milihenri, henri, ndoo nzima ya waya. Ukiisukuma mpaka kV 20, ukinyamaza usikie inavyochemka kwenye ncha, utapata A 0.3 na mikrowati 12.

Kwa hiyo ya wima inashinda mara mbili, ukiwa na moyo wa kukaa karibu na kV 20. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kitanzi unakilisha kwa amplifaya ya muziki, kwa kuwa kHz 8.27 ni sauti, sikio linaisikia.

FundiKoleo

Amplifaya ya muziki ndiyo, lakini muziki una pumzi. Toni moja isiyokatika kwa saa sita ni adhabu. Iliyoandikwa W 200 mpe kazi ya W 80, weka feni. Na kapasita iwe mfululizo siku zote, usije ukaipa amplifaya waya wa omu 0.2 wazi wazi.

Kifaranga

Wakuu mtanisamehe. Juzi nimefunga kitanzi kidogo cha mita 3 kwa 3, kHz 8.27, W 20. Rafiki yangu amenisikia akiwa mita 400, kwa kadi ya sauti ya laptopu na koili ya waya. Sasa hizo mikrowati mnazolilia mbona mimi nimefika?

BintiFeraiti

Hongera mdogo wangu, na pole. Hujarusha wimbi. Mnaongea kama koili mbili za transfoma zilizoachana mita 400. Uga wa karibu unatawala hadi umbali wa wimbi kugawa kwa 6.28, na kwa kHz 8.27 hiyo ni kilomita 5.8. Ndani ya hapo sumaku inashuka kwa kipeo cha tatu cha umbali: rafiki akienda mita 800, unabaki na moja ya nane. Mwambie aende kilomita 2 halafu urudi kutuhadithia.

Si kosa, ndivyo tulivyoanza wote. Kipimo cha kweli ni mtu aliyekaa nje ya kilomita 6.

Kifaranga

Ameenda kilomita 2. Kimya kama kaburi 😂

MchimbaUdongo

Nimesoma kimya kimya tangu juzi, sasa naomba kuwaharibia mjadala.

Mnahangaika kupandisha waya. Kitanzi kikubwa kuliko vyote kiko chini ya miguu yenu. Vuta waya mita 500 kimo cha kiuno, kila mwisho upige vigingi ardhini. Mkondo unaenda kwa waya na kurudi kwa udongo. Lakini haurudi juu juu, unazama. Kina chake kinategemea ukinzani wa ardhi: 503 mara kipeuo cha pili cha (omu-mita kugawa kwa hezi). Ardhi kavu ya mawe yenye omu-mita 1,000, kwenye kHz 8.27, inatoa mita 175. Kwa hesabu ya antena unagawa kwa 1.41, unabaki na mita 124. Mita 124 mara 500 ni mita za mraba 62,000. Kitanzi kilichosimama wima, nusu yake hamuioni.

Tuseme vigingi vina omu 50 kila upande. W 100 zinatoa A 1 tu. Lakini A 1 mara 62,000 ni karibu mara tano ya A 21 mara 625. Kwa nguvu ni mara ishirini na mbili. Mikrowati 6 za dada BintiFeraiti zinakuwa 140.

Na hapa ndipo mambo yanapogeuka kichwa chini: ardhi mbaya ndiyo nzuri. Wa antena za wima wanalia na mawe, sisi tunayatafuta, maana mkondo unazama zaidi. Jeshi la majini la Marekani lilifanya hivyo hivyo kule Wisconsin na Michigan, kHz 0.076, nyaya za kilomita nyingi juu ya mwamba mkongwe usiopitisha umeme, wakituma ujumbe kwa nyambizi hadi walipozima 2004. Wao walitegemea mwamba, siyo mnara wa antena.

KoiliNene

Ngoja kwanza. Kumbe ile mita 124 inapatikana bure?

MchimbaUdongo

Bure kabisa, ila vigingi vina jasho. Kigingi kimoja kwenye ardhi kavu ni omu 200 au zaidi. Piga sita au nane, viachane angalau urefu wa kigingi chenyewe, unganisha. Na kaa mbali na mabomba, nyaya za simu na uzio wa chuma, mkondo utapita kwao kwanza na jirani ataisikia toni yako kwenye simu yake. Ncha za waya zifunike. Watu na mifugo wasikanyage karibu na vigingi ukiwa hewani, pale ardhini kuna volti.

Mtegawimbi

Wakuu, narudi na ripoti. Nilinyamaza wiki tatu nikichimba.

Mita 400 za waya, vigingi vinane upande mmoja, sita upande wa pili kwa sababu cha saba kilikutana na jiwe na kikapinda kama ndizi. Ukinzani wa jumla omu 140. Waya wenyewe una indaktansi, nikaiua kwa µF 0.46. Amplifaya ya muziki, W 100 kwa ubishi dhidi ya ushauri wa Mzee FundiKoleo, feni mbili. Mkondo A 0.84.

Mwenzangu amekaa kilomita 14 na kitanzi cha kupokelea. Kabla ya kuwasha alijaribu masikio yake kwa stesheni za majeshi, zile za kHz 19 hadi 24, zikaingia kama ukuta. Kwenye 8.27 yeye aliona radi tu. Radi za mbali zina nguvu zaidi huku huku kwenye kHz 5 hadi 10, yaani tumechagua kunong'ona katikati ya ngoma. Akaweka programu ikate kila mlipuko wa radi, akabana upana wa masafa anayosikiliza hadi hezi 0.01, saa zote mbili za kompyuta tumezifunga kwa GPS.

Dakika kumi za mwanzo, hakuna. Akanipigia simu kuniambia nizime, nikamwambia vumilia. Dakika ya ishirini na kitu ukaanza mstari kwenye skrini yake, mwembamba, wa kijani hafifu, mahali pale pale. Nikazima dakika kumi bila kumwambia. Akapiga tena: "Umepotea." Nikawasha. Akarudi kuuona.

Nikaunganisha kitanzi cha mitini kwa masafa yale yale na W zile zile. Saa mbili nzima, hakuona kitu.

BintiFeraiti

Kuzima bila kumwambia, hapo umenifurahisha kuliko hizo kilomita. Nusu ya ripoti za huku chini ni watu kuona wanachotaka kuona.

Kitanzi cha mitini usikivunje. Kwenye kHz 137 ule mkondo wa ardhini unazama mita 30 tu kwa udongo wako, faida inapungua sana. Kila kimoja na kazi yake.

KoiliNene

Mtegawimbi, transfoma umetumia ipi? Amplifaya yangu inataka omu 4, na nina waya wa mita 300 uliokaa bure.

Mtegawimbi

😂 Karibu chini, mkuu. Ringi ya feraiti yenye unene wa sentimita za mraba 2, mizunguko 20 upande wa amplifaya, 118 upande wa ardhi. Lakini pima vigingi vyako kwanza, na pima tena baada ya mvua, usizungushe 118 kwa sababu mimi nimezungusha. Na ukikutana na jiwe, usibishane nalo, sogeza kigingi.